Daftari la Bunduki Lililo Wazi Mezani

Daftari lilikuwa kubwa, la jalada gumu jeusi, pembe zake zimelika mpaka karatasi za ndani zinachungulia. Lilikuwa limefunguliwa juu ya meza, na karani aliyelifungua alikuwa ametoka nje kupokea simu. Nilikwenda katika ofisi hiyo, ambayo sitaitaja, kutafuta cheti cha mwenendo mwema. Benchi lilikuwa moja na watu walikuwa wengi, kwa hiyo nilisimama kando ya meza, na mbele ya macho yangu yakawa yamepangwa majina ya watu wa Kalemie: jina, jina la baba, kijiji cha asili, avenyu anayoishi, kazi, sababu ya kuja. Sikutaka kusoma. Nilisoma. Mstari wa nne ulikuwa wa jirani yangu, na sababu iliyomleta ilikuwa jambo la nyumbani kwake ambalo hakuwahi kuniambia. Mpaka leo hajui kwamba nalijua, na kila tunapoamkiana asubuhi naona haya mimi badala yake.

Karani aliporudi aliniuliza jina, kisha akaniuliza kama nimekuja na pesa ya mhuri. Hakutaka kujua ni nani anayenifahamu. Hakumtuma mtu kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Nusu saa haikuisha nikawa na karatasi inayothibitisha kwamba mimi ni mtu wa maisha safi na tabia njema, mhuri wake wa buluu ukiwa bado mbichi. Nilishuka nayo Avenue Lumumba nikiipunga ikauke.

Mimi nilikuwa natafuta kazi tu. Lakini karatasi za namna hiyo ndizo dola huzitegemea pale linapotaka kumjua mtu kabla ya kumkabidhi kitu cha hatari. Na siku ile, mahali pamoja, niliona makosa mawili yakiwa yamekaa meza moja: hakuna aliyenichunguza, na kila aliyepita aliweza kumsoma jirani yangu. Tangu hapo, kila ninaposikia watu wanajadili upekuzi wa wanaotaka kununua au kumiliki bunduki, daftari lile linanirudia. Wengi hudhani mambo haya mawili yanavutana, kwamba dola likitaka kujua zaidi lazima raia afichike kidogo, na raia akifichika dola linapofuka. Kwa hapa kwetu Kalemie naamini ni kinyume. Watu waliochomwa na orodha hawatakubali kujulikana mpaka waone orodha ina kufuli. Usiri wa daftari ndio msingi wa upekuzi wenyewe.

Tuanze na sheria, kwa sababu ipo. Sheria kuu ya silaha na risasi nchini Kongo ni ile ya tarehe 3 Septemba 1985, nambari 85-035, iliyotungwa enzi za Zaire ya Mobutu. Raia hana ruhusa ya kuwa na bunduki kwa kupenda kwake. Anahitaji kibali, na kibali kinatoka serikalini. Sasa weka mwaka huo kando ya mwaka mwingine. Sensa ya mwisho ya watu katika nchi hii ilifanyika 1984. Dola lilihesabu watu wake, mwaka uliofuata likaandika namna ya kuwapa silaha, kisha halikuwahesabu tena. Mtoto aliyezaliwa wiki moja baada ya sensa ile leo huenda ana wajukuu, na hakuna karani aliyewahi kubisha hodi kwake kumhesabu.

Upekuzi huanza na swali dogo kuliko yote: huyu ni nani? Kalemie swali hilo lina majibu mengi mno. Mtu ana jina la ubatizo, ana jina la ukoo, ana jina aliloandikishwa wakati Mobutu alipowataka watu waache majina ya Kikristo mwaka 1972, na ana jina lililopo kwenye kadi ya mpiga kura, ambalo mwandikishaji huenda aliliandika alivyolisikia. Kina Ilunga peke yao wanajaza mitaa. Kitambulisho cha taifa kilipotea pamoja na Zaire. Kadi ya kwanza ya mpango mpya alikabidhiwa Rais Félix Tshisekedi Juni 2023, kisha mradi wenyewe ukakwama. Kwa hiyo kadi ya uchaguzi ndiyo tunayoonyesha benki, barabarani, hospitalini na bandarini. Kadi iliyotengenezwa ili mtu apige kura ndiyo imebebeshwa mzigo wote wa kusema yeye ni nani.

Chukua basi dondoo la rekodi ya makosa, ile karatasi inayotolewa na ofisi ya mwendesha mashtaka, parke kama tunavyoiita. Ili iseme kweli, hukumu iliyotolewa Manono au Kongolo lazima iwe imesafiri ikafika, na barabara za jimbo hili kila mtu anazijua, hasa mwezi wa Machi. Zaidi ya hayo, raia akikamatwa na silaha ya vita kesi yake inakwenda mahakama ya kijeshi, kwa mujibu wa sheria za mwaka 2002. Hilo ndilo kosa ambalo mpekuzi wa bunduki angetaka kulijua kuliko yote, na limeandikwa katika vitabu vya ofisi nyingine kabisa.

Hapa msomaji anaweza kusema: basi tuletewe kompyuta. Zije. Lakini kabla hazijaja, inafaa kukumbuka kwamba daftari la bunduki si kitu kigeni katika ufuko huu wa ziwa. Limekuwapo kabla ya mji wenyewe.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels chini ya kivuli cha Mfalme Leopold II yalitia saini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa, na Zanzibar ilikuwamo. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na vifungu vya silaha. Kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, kutoka Atlantiki mpaka Bahari ya Hindi, bunduki za kisasa zilipigwa marufuku kuingia, isipokuwa kwa masharti. Zilizoachwa kuuzwa kwa wenyeji ni zile kuukuu, za jiwe, zenye mtutu usio na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida. Na anayeruhusiwa kuwa na bunduki nzuri? Ilibidi atoe uhakikisho kwamba hatampa wala kumuuzia mtu mwingine. Bunduki yake iandikishwe na ipigwe chapa. Apewe kibali chenye jina lake na alama ya chapa hiyo. Kibali kidumu miaka mitano, kiweze kuhuishwa, na kifutwe ikithibitika amekitumia vibaya.

Soma tena masharti hayo polepole. Upekuzi wa mtu, chapa ya chuma, kitabu cha majina, kikomo cha muda, kunyang'anywa. Kila kitu ambacho wataalamu wa leo hukieleza kwenye semina kilikuwa kimeandikwa miaka zaidi ya 130 iliyopita, na kiliandikwa kwa ajili ya ukanda wenye nchi hii yetu ndani yake. Mwaka na nusu baadaye, tarehe 30 Desemba 1891, Kapteni Jacques wa Ubelgiji alisimika ngome kando ya ziwa akaiita Albertville, kwa jina la mtoto wa ndugu wa mfalme. Ndiyo Kalemie. Alikuja kupambana na akina Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, tajiri wa Ujiji ambaye bunduki zake zilivuka maji haya pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Kusini kidogo, Mpala, Kapteni Joubert alikuwa tayari analinda misheni ya Mapadri Weupe kwa bunduki. Ufuko mzima ulikuwa unanuka baruti.

Ninachotaka kusema kuhusu daftari lile la kwanza ni kwamba liliuliza swali moja lililokosewa. Halikuuliza kama mtu huyu atawadhuru wenzake. Liliuliza kama mtu huyu yuko upande wetu. Waliokuwa upande unaotakiwa, askari wa Force Publique, jeshi la koloni, walipewa bunduki na risasi za kuhesabiwa, na hesabu ilikuwa kali. Katika misitu ya mpira ya Leopold, askari alitakiwa athibitishe kwamba risasi iliyotumika haikupotezwa kwa kuwinda, na uthibitisho ulikuwa mkono wa mtu aliyeuawa. Pale askari waliporusha risasi porini, mikono ilikatwa kwa walio hai ili mahesabu yalingane. Rekodi ya risasi ilitunzwa vizuri. Aliyekuwa hana rekodi ni mtu.

Mjukuu wa watu waliohesabiwa namna hiyo, unapomwambia "njoo uandikishe bunduki yako", anasikia maneno mengine.

Na orodha hazikuishia kwa Leopold. Jirani zetu Warwanda waliandikwa kabila kwenye vitambulisho na utawala wa Kibelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa sababu za kiofisi tu. Mwaka 1994 mstari ule mmoja wa wino, uliosomwa kwenye vizuizi vya barabarani, ulitosha kumuua mtu. Aliyeuandika mara ya kwanza hakuwaza kifo. Hilo ndilo linalonitisha kuhusu madaftari: anayeandika hajui nani atasoma.

Fikiria sasa daftari la watu wenye bunduki katika mji ambao umebadilisha mikono kama huu. Albertville ya 1960 na 1961 ilikuwa ya vurugu za kujitenga kwa Katanga. Juni 1964 waasi wa Simba waliiteka, na Jason Sendwe, kiongozi wa jimbo la Katanga Kaskazini, akauawa. Agosti mwaka huohuo mamluki wa Mike Hoare nao wakaja. Mwaka 1998 vita vya pili vilipowaka, mji uliangukia mikononi mwa waasi wa RCD na Warwanda mpaka amani ya 2003. Kila aliyeingia alikuta ofisi, na ndani ya ofisi alikuta makabati. Ukiwa mwasi umeingia mjini usiku na una njaa ya silaha, kitabu kinachokuambia nyumba gani ina bunduki, na ya aina gani, ni ramani. Ukiwa jambazi, ni ramani vilevile. Januari 2025 Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, gereza la Munzenze lilichomwa, wafungwa zaidi ya 4,000 wakatoka, na wanawake waliokuwamo walifanyiwa unyama ambao kalamu inasita kuuandika. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Watu waliokimbia Kivu walishuka kwa maboti mpaka bandari yetu, na kila aliyesimama pale akiwapokea alijiuliza lake. Mimi nilijiuliza, pamoja na mengine, makabati ya ofisi zile yamebaki na nani.

Lakini kisa kinachonikaa moyoni zaidi hakina bunduki nyingi. Ni vita vya mishale.

Kati ya 2016 na 2017 Batwa na Baluba wa jimbo hili walichinjana. Kilikuwa kisa cha muda mrefu, cha watu wa msituni waliofanyishwa kazi bila malipo, wasio na ardhi wala uchifu, na majirani wakulima ambao nao walipoteza watoto na vijiji. Zaidi ya watu 500,000 walihama makwao. Kalemie ilizungukwa na kambi: Katanyika, Kalunga, Lukwangulo, vibanda vya nyasi na mahema ya plastiki mpaka pembeni mwa barabara. Silaha kubwa ya vita hivyo ilikuwa mshale, mara nyingi wenye sumu, na panga. Niliuona mshale mmoja uliotolewa kwa mtu aliyepona. Ncha ilikuwa ya bati lililofuliwa kwa nyundo, nyembamba kama jani la mwanzi, na shina lilikuwa jepesi kiasi kwamba nilipoliweka kiganjani sikuhisi uzito. Hakuna mahali popote pa kupiga chapa. Hakuna nambari. Hakuna duka.

Vita vile vilinifundisha kwamba anayepaswa kupekuliwa ni mtu na ugomvi wake, kuliko chuma chake. Hapo ndipo tunaingia kwenye ugumu halisi, kwa sababu kuna njia mbili tu za kumpekua mtu: kwa karatasi au kwa majirani. Kwa karatasi, Mtwa ameshindwa kabla hajaanza. Batwa wengi hawana hata cheti cha kuzaliwa. Sheria ya 2022 ya kulinda haki za watu wa asili Wambilikimo imewatambua, lakini kutambuliwa bungeni Kinshasa ni kitu kimoja na kuandikwa kizazi Nyunzu ni kingine. Kwa majirani, anasimama mbele ya watu ambao kaka zao walipigana na kaka zake.

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanatumia njia ya majirani, na nimeifuatilia kwa hamu. Chini ya sheria ya silaha na risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, mtu anayetaka kumiliki bunduki hapeleki maombi moja kwa moja kwa mkubwa wa polisi. Anaanzia chini, kwenye serikali ya kijiji au mtaa, mbele ya kamati ya ulinzi na usalama. Kutoka hapo maombi yanapanda kata, wilaya, mkoa. Napenda jambo moja katika utaratibu huo: swali la kwanza linaulizwa na watu wanaojua kama unampiga mke wako. Kompyuta haijui hilo mpaka kesi ifunguliwe, na kesi nyingi za namna hiyo hazifunguliwi. Mwenyekiti wa mtaa anajua nani akinywa hubadilika, nani ana mgogoro wa shamba, nani ameapa mbele ya watu kwamba fulani atamwona.

Ila njia hiyo ina shimo lake. Ukishapita mbele ya kamati ya mtaa, mtaa mzima unajua unataka bunduki. Pengine unaitaka kwa sababu una duka na unabeba fedha usiku. Sasa kila mtu anajua una fedha, na anajua lini bunduki itaingia ndani. Hapo upekuzi wenyewe umekuwa tangazo.

Kenya walifika kwenye shimo jingine. Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wenye leseni za bunduki wapekuliwe upya, kwa kuwa kulikuwa na leseni zilizotoka kwa mlango wa nyuma. Hili linanikumbusha kwamba siri nayo ina ubaya wake. Ofisi ikifunga vitabu vyake moja kwa moja, ndani mtu mwenye kiu ya rushwa anaweza kuandika jina lolote, na hakuna wa kumuuliza.

Marekani, ambako bunduki ni nyingi kuliko watu, wamelipigania jambo hili la rekodi kwa miongo. Tangu Novemba 1998 muuza bunduki mwenye leseni huuliza mfumo wa shirikisho, au katika majimbo kadhaa ofisi ya jimbo lenyewe, kama mnunuzi ana kizuizi, na mara nyingi hujibiwa papo hapo. Mfumo wa shirikisho unatakiwa kufuta taarifa za aliyeruhusiwa ndani ya saa 24, kwa sababu wabunge waliogopa upekuzi ugeuke orodha ya wenye silaha nchi nzima. Mtu anaulizwa, anajibiwa, jina lake linafutwa. Lakini vibali vya kubeba bunduki katika majimbo ni habari nyingine. Desemba 2012, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, gazeti la The Journal News la New York lilichapisha ramani ya wenye vibali katika kaunti za Westchester na Rockland, kwa majina na anwani. Walinzi wa magereza walilalamika kwamba wafungwa sasa wanajua wanapolala. Mwezi uliofuata ramani ikaondolewa. Karibu miaka kumi baadaye, Juni 2022, idara ya sheria ya California ilifungua ukurasa wake mpya wa takwimu na kwa uzembe ikaacha wazi taarifa za watu wapatao 192,000 walioomba kibali cha kubeba silaha kwa siri. Jimbo tajiri, lenye wahandisi wa Silicon Valley ndani yake, liliacha daftari wazi mezani, kama karani wangu aliyetoka kupokea simu.

Kwa hiyo sitafuti dawa kwenye mashine. Mashine inaweza kupiga chapa kwenye chuma, na hilo ni jema: Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya 2004, na ilitia saini Mkataba wa Kinshasa uliopitishwa 2010 na kuanza kutumika Machi 2017, na mikataba yote miwili inadai silaha ziwe na alama na ziandikwe. Nimeunga mkono kazi hiyo na naendelea kuiunga mkono. Bunduki yenye nambari ikiokotwa kwenye tukio huweza kusema ilikotoka. Bila nambari ni chuma bubu.

Ila kuna vitabu viwili ndani ya kile tunachokiita kitabu kimoja, na ningependa waziri, gavana na wabunge wetu wavitenganishe. Kipo kitabu cha chuma: nambari hii, aina hii, imetolewa kwa kibali hiki. Na kipo kitabu cha mtu: majirani walisema nini, daktari aliona nini, aliwahi kufungwa wapi, mkewe alilalamika nini. Kitabu cha chuma kinafaa kudumu miaka mingi, kwa sababu bunduki huishi kuliko mwenyewe. Kitabu cha mtu kikishajibu swali lake, ndiyo au hapana, kinabaki kufanya kazi gani kabatini? Kifungwe kwa lakiri au kichomwe, ibaki karatasi moja yenye jibu. Na yule aliyenyimwa aambiwe kwa nini, ana kwa ana, apewe nafasi ya kujitetea. Huko Nyunzu hilo litakuwa tofauti kati ya sheria na kisasi.

Kitabu cha chuma nacho kiwe na funguo mbili, kwa watu wawili wa ofisi mbili. Kila anayekifungua aandike jina lake, tarehe na sababu, katika daftari dogo linalokaa nje. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linageuza mambo: anayesoma naye anasomwa. Nakala iwekwe mbali na Kalemie. Sina haja ya kuwaeleza watu wa mji huu kwa nini, wale ambao wameona ziwa likipanda miaka hii ya karibuni na kuingia majumbani mpaka kitandani, na ambao wazee wao waliona vita vikifanya vilevile. Na iandikwe mapema nani ana jukumu la kukiharibu siku ambayo mji unaanguka.

Halafu, kwa ajili ya shimo la Kenya, majina yafungwe lakini hesabu iwe wazi. Kila mwaka gavana atangaze redioni: Moba vibali kadhaa, Kabalo kadhaa, vilivyokataliwa kadhaa, vilivyofutwa kadhaa. Hakuna mwizi anayeweza kuvunja nyumba kwa kutumia idadi. Lakini mwananchi akisikia kwamba katika mwaka mzima hakuna mtu hata mmoja aliyekataliwa, atajua kuwa karani wa mhuri wa buluu bado yupo kazini.

Sheria ya kuanzia tunayo. Katiba ya 2006, katika kifungu chake cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake binafsi kuheshimiwa. Kanuni ya mambo ya kidijitali iliyotoka tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima kuhusu taarifa za watu. Mwaka huohuo 2023 ndio uliotungiwa sheria ya jeshi la akiba, ambalo vijana wengi wanaojiita Wazalendo wanatazamia kuingia. Wanapewa bunduki, au wanakuja nazo. Nani anawapekua? Sheria ya usiri na sheria ya jeshi la akiba zimezaliwa mwaka mmoja chini ya paa moja, na bado hazijakutanishwa.

Watu watasema Kalemie hakuna duka la bunduki, basi mnunuzi wa kupekuliwa yuko wapi. Yupo. Anauziwa na askari ambaye hajalipwa, anarithi kutoka kwa baba aliyefukia silaha ya vita shambani na kuifukua baadaye, au anakwenda kwa fundi. Miaka ya 2000 shirika la PAREC la Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda liliwapa watu wa Katanga baiskeli kwa bunduki walizosalimisha, na maelfu walileta. Walileta kwa sababu baiskeli hubeba muhogo, na naamini pia kwa sababu hakuna kabati lililokuwa likiwasubiri.

Nilikwenda ndani, mbali na ziwa, kuona gobore, ile ambayo wengine huku huiita pupu. Mzee wa nyumba aliitoa juu ya dari ya jikoni, ikiwa imefungwa kwa kitenge cha zamani kilichokuwa kimenyonya moshi mpaka rangi zimepotea. Mtutu ulikuwa bomba la chuma, limefungwa kwenye kitako cha mninga kwa mikanda ya mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Baruti anaishindilia kwa fimbo kupitia mdomo wa mtutu, kisha vipande vya nondo, kisha tambara. Kwa fataki anatumia vichwa vya njiti za kiberiti. Aliniambia imeua nguruwe pori wanne na nyani wasiohesabika, na mara moja ilimlipukia usoni. Alinionyesha kovu chini ya jicho, dogo, linalong'aa. Kitako kilikuwa laini kama mpini wa jembe la bibi. Hakikuwa na nambari.

Nilimuuliza kama angekubali kuiandikisha, wakija watu wa serikali na mashine yao. Alifikiri kwa muda. Hakuuliza bei ya kibali, hakuuliza adhabu. Aliuliza kitabu hicho kitalala wapi usiku.

Nilimwambia sijui. Akaiviringisha bunduki kwenye kitenge, akairudisha darini, akafuta masizi mikononi. Tulipokuwa tunaagana mlangoni aliniomba, kwa heshima, nisiandike jina la kijiji. Nilimtolea daftari langu akaona mwenyewe: jina nilikuwa nimelikata.